Kifurushi cha Msiba

Kwenye laptopu yangu, chumba cha Gendabi kiligeuka chekundu tena asubuhi ya Jumanne, kabla sijamaliza chai. Nilisimama, nikaenda dirishani, nikarudi mezani, nikakitazama tena kana kwamba kutembea kwangu kungekibadilisha rangi. Hakikubadilika.

"Ni walewale?" mwenzangu aliuliza kutoka meza ya pili.

"Ni walewale."

"Wafunge."

Tulikuwa wawili tu katika ofisi ile, juu ya duka la pembejeo pale Mbulu mjini. Harufu ya dawa za mbegu ilipanda ngazi na kuingia mpaka kwenye masweta yetu. Tulisoma pamoja chuo, Arusha, halafu tukarudi nyumbani na wazo ambalo kila mtu alilisifu na hakuna aliyetaka kulifanya: mfumo wa kamati. Mtu yeyote wa kwetu anajua kamati ni nini. Harusi ina kamati, sendofu ina kamati, msiba una kamati, kwaya ikitaka kusafiri nayo inaunda kamati. Na kila kamati ina katibu anayehangaika na simu, akimwandikia mtu mmoja mmoja kwamba kikao ni lini na nani alete nini. Sisi tulimpa katibu huyo chumba chake mtandaoni. Anaweka namba za watu wake mara moja tu. Akituma neno, linawafikia wote kama meseji ya kawaida, hata mwenye simu ya batani. Kamati moja haioni mambo ya kamati nyingine. Lakini vyumba vyote vilikaa katika nyumba moja, yaani seva moja tuliyoikodi, na meseji zote zilitoka kwa njia moja, moja nyuma ya nyingine.

Kwa hiyo ilibidi kuwe na vipimo. Mwenzangu aliandika programu. Vipimo vilikuwa kazi yangu. Nilipanga vifurushi vitatu, kidogo, cha kati na kikubwa, na kila kimoja nikakiwekea kikomo cha watu, kikomo cha meseji kwa siku, na muda wa kuisha. Cha nne kilikuwa kifurushi cha msiba. Hicho hatukumtoza mtu, maana hakuna kati yetu aliyeweza kufikiria kumdai mfiwa. Lakini cha bure kina wengi, nami nikakibana: watu wachache, meseji chache, na baada ya arobaini chumba kinajifunga chenyewe. Nilidhani hapo nimekuwa mkarimu. Kwetu, kijijini Daudi, tanga huanuliwa siku ya tatu, majirani wakarudi mashambani, na ikifika arobaini ni ibada na chakula, basi.

Siku nzima nilitazama mistari. Kila chumba kilikuwa na mstari wake kwenye kioo cha laptopu yangu: kijani kama kuna nafasi, njano kikikaribia kikomo, nyekundu kikishagonga. Ni kazi ya kukaa, na mimi kukaa kulikuwa kumenishinda. Tangu mwaka uliotangulia nilikuwa hivyo. Nikikaa, miguu inataka kuondoka. Nikiondoka, roho inataka kurudi kuona mistari ikoje. Nilishuka dukani kuuliza dawa ya viwavi ilhali sina hata bustani, nikapanda tena. Mwenzangu alishazoea. Alisema ipo siku nitatoboa sakafu, muuza pembejeo aanze kutusalimia kutoka chini.

Chumba cha Gendabi kilikuwa cha msiba. Kilijaa watu wiki ileile kilipofunguliwa. Kikafunguliwa kingine kwa namba nyingine ya simu, msiba uleule; halafu kingine. Meseji zao za siku zilikwisha kabla jua halijafika utosini. Arobaini ilipopita na cha kwanza kikajifunga, kesho yake kulikuwa na kipya.

"Wanatuchezea," mwenzangu alisema. "Msiba gani huo wa miezi yote hiyo? Hao wanauza ng'ombe kwa jina la marehemu."

Tulikuwa na mwiko mmoja, kwamba hatusomi maneno ya watu. Tungeweza, ila hatukusoma. Kwa hiyo sikuwa na njia ya kumjibu isipokuwa kupiga simu. Akapokea mwanamke, sauti yake imetulia, Kiswahili chake kina mapigo ya Kibarbaig.

"Habari za huko, dada. Napiga kutoka ofisi ya mfumo wa kamati."

"Nzuri. Mmetufunga."

"Ni muda umeisha, dada. Samahani, msiba ulikuwa lini?"

"Msiba upo."

"Naomba kujua mazishi yalikuwa lini."

"Baba tulimweka kabla ya mvua. Kilima hakijaisha. Kikiisha nitakuambia, ufunge."

Nilibaki na simu sikioni baada ya yeye kukata. Niliwahi kusikia kwamba Wabarbaig wakizika mzee mwenye heshima kubwa hujenga kilima juu ya kaburi lake, na kwamba kazi hiyo huchukua miezi. Nililisikia kama sisi watu wa milimani tunavyosikia mambo ya tambarare, nusunusu, kwa mtu aliyesikia kwa mtu.

"Naenda Gendabi," nilimwambia mwenzangu.

"Kufanya nini?"

"Kuona kwa nini wanagonga kikomo."

Ilikuwa kweli, lakini ukweli mwingine ni kwamba nilitaka kutoka katika kile chumba, niende mahali popote.

Kesho yake nilitelemka na barabara ya Dareda, sweta likaanza kunizidi joto kabla hatujafika chini. Nilishuka Mogitu, ukungu wa Mbulu ukawa jambo la nchi nyingine. Kijana wa bodaboda hakuniuliza nakwenda kwa nani. Aliniangalia viatu, akasema, "Kwenye kilima?" Nikapanda.

Boma lilikuwa limepakana na shamba la mahindi na mbaazi la jirani Mwiraqw, na yule jirani mwenyewe alikuwa pale, ameleta udongo kwa mkokoteni wake wa ng'ombe. Tulisalimiana kwa lugha yetu. Aliniambia marehemu alikuwa mtu wa kumwazima fahali bila maneno mengi, ndiyo maana yuko pale. Nyuma yake niliona kilima. Kilikuwa kimezungushiwa miti iliyosimama wima, katikati udongo na samadi vimeshindiliwa tabaka juu ya tabaka, na tayari kilikuwa kimenizidi kimo. Wanaume walikuwa juu wanashindilia. Hakuna aliyekuwa na haraka.

Mwanamke niliyeongea naye kwenye simu alikuja kunipokea. Alikuwa wa umri wangu, amevaa gauni la kitenge na jaketi zito, miguuni raba. Alinipeleka kwanza kwa baba yake mdogo, mdogo wake marehemu, aliyekaa kwenye kigoda na shuka jeusi mabegani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Ni huyu anayefunga?"

"Ndiye, baba," yule mwanamke alijibu.

"Ufunguo uko wapi?"

"Uko kwenye simu, babu," nilisema.

"Basi fungua, halafu unywe maziwa."

Nikafungua. Kwa simu niliweza kumpa siku moja tu ya nyongeza, lakini yeye hakuuliza ni siku ngapi. Alishika fimbo yake, akageuka kuwakemea watu wa juu ya kilima kwa jambo ambalo sikulielewa.

Nilipewa maziwa ya kwenye kibuyu, yananukia moshi. Yule mwanamke alikaa karibu yangu, akanionyesha simu yake iliyounganishwa na kisola kidogo kilichoegemezwa kwenye ukuta.

"Niambie kwa nini meseji zinakwisha mapema," nilisema. "Nimeona unawatumia watu walewale mara tatu kwa siku."

"Sasa nifanyeje? Simu ni moja, watu wengi. Nichukue kwa kaka yangu aliyehamia Morogoro na ng'ombe. Asubuhi simu iko kwa anayechunga. Anasoma, anasahau. Mchana iko kwa mke wake. Jioni ndiyo inakuwa kwake mwenyewe. Nikituma asubuhi tu, kaka hajui kitu."

"Na watu wote hao?"

"Wengine Morogoro, wengine Singida, wengine wameshuka mpaka Lindi huko, wanatafuta malisho. Huyu zamu yake kuleta asali ya pombe, huyu miti, huyu anakuja kushindilia. Ukoo mmoja ukikosa zamu yake, huyo mzee hapo hatalala, na mimi sitalala."

Nilikuwa nimeweka kikomo kwa kudhani simu moja ni mtu mmoja. Nilimweleza hivyo. Alicheka kidogo, si kwa dharau. Akasema hata huko mjini anajua nyumba yenye simu moja.

Nilijaribu kukaa kama mgeni anavyokaa. Ilinishinda. Nikaona wanawake wanakwenda kuchota maji, nikaomba ndoo, nikaenda nao, nikarudi, nikaenda tena. Safari iliyofuata alinifuata yeye mwenyewe na ndoo yake.

"Dada, wewe hukai," alisema njiani.

"Ndivyo nilivyo siku hizi."

"Tangu lini?"

Nilimwambia baba yangu alifariki mwaka jana, huko kwetu Daudi. Niliwahi kumhadithia mwenzangu habari hiyo kwa ufupi, pamoja na habari za tarehe ya kurudi kazini. Huyu nilimweleza kwa urefu, maana kisima kilikuwa mbali. Nilimwambia mimi ndiye niliyekuwa katibu wa msiba ule. Nilifungua chumba kwenye mfumo wetu wenyewe, nikawa natuma nani alete maturubai, nani apike, gari la kuchukua ndugu litoke saa ngapi. Siku ya tatu tukafagia uwanja. Watu walikuwa na viazi shambani, hawakuwa na kosa lolote. Mimi nilirudi Mbulu. Baadaye, siku moja nikiwa natazama mistari kama kawaida, niliona kwamba chumba cha baba hakipo tena kwenye orodha. Kilikuwa kimejifunga. Nilishuka ngazi nikaenda kuzunguka soko lote.

"Mlikaa siku tatu," alisema.

"Tatu."

"Nyie mnalima. Shamba halingoji." Alihamisha ndoo kutoka mkono huu kwenda ule. "Sisi tuna watu wa kuwangoja. Ndiyo tofauti."

Tulirudi bomani, tukamimina maji kwenye pipa, na mimi nikachukua tena ndoo.

Kabla jua halijashuka nilitafuta sehemu yenye mtandao, pembeni mwa mbaazi za jirani, nikampigia mwenzangu.

"Nataka kuwapa nafasi ya kifurushi kikubwa," nilisema. "Waunganishe vyumba vyao vyote viwe kimoja. Na tuuondoe muda wa kuisha."

"Bure?"

"Ni msiba."

"Kifurushi kikubwa ndicho kinachotulisha. Na ukimpa huyu, kesho kila msiba utakuja kusema na wetu ni mrefu."

"Mingine si mirefu. Nimeuona huu kwa macho."

"Umeona mmoja. Mimi naona njia ya meseji, na njia ni moja. Siku hao wakiita watu wao wote kwa mpigo, wengine wote watakaa nyuma wakingoja. Ulifikiria hilo?"

Nilimwambia nimelifikiria, nitalisimamia mwenyewe. Nikasikia keyboard yake ikibonyezwa. "Haya," alisema. "Nimefungua. Lakini mimi sitapokea simu za watu."

Wiki zilizofuata chumba cha Gendabi kilikuwa kijani, kikubwa kuliko vyote, na mimi nilikitazama kama mama anavyotazama chungu kinachotaka kufurika. Yule mwanamke alinipigia mara kwa mara. Mara nyingine hakuwa na shida yoyote. Aliniambia tu kilima kimefika wapi. Mimi nilimweleza kama Mbulu kuna ukungu au hakuna. Mwenzangu na mimi tuliongea kidogo zaidi ya zamani. Alikuwa akisema "mradi wako" kila alipotaja Gendabi.

Halafu ikaja ile Jumamosi.

Kilima kilikuwa kimekamilika, siku kubwa ya mwisho imepangwa, na asubuhi hiyo Gendabi walikuwa wanawaita watu: koo zote, majirani wote, kila aliyewahi kuleta mti au asali. Orodha ilikuwa imekua mpaka sikuamini. Yule mwanamke alituma wito mara moja, na kwa sababu ndivyo alivyozoea, akatuma tena baada ya muda mfupi. Nilikuwa ofisini peke yangu. Mwenzangu alikuwa amekwenda kumwona mkwe wake. Niliona foleni ya meseji ikirefuka. Nikasema itapungua. Nikatembea mpaka dirishani, nikarudi, imerefuka zaidi.

Simu yangu ikaita. Alikuwa mama mmoja wa Daudi, jirani yetu, aliyenibeba mgongoni mwake nikiwa mdogo. Siku hiyo alikuwa anaozesha binti yake, na kamati yao ilikuwa kwenye kifurushi cha kati, wamelipa vizuri tangu mwanzo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu, meseji haziendi! Mvua imekata njia ya kanisani, ibada tumeihamishia kanisa la jirani, katibu ametuma muda mrefu sasa na watu hawana habari. Wameshaanza kutoka majumbani!"

Nikatazama. Meseji za Daudi zilikuwa nyuma kabisa, nyuma ya Gendabi nzima.

Nilimpigia yule mwanamke wa Gendabi. Simu yake ilikuwa inatumika. Nikapiga tena, inatumika. Nilizunguka meza, nikapiga mara nyingine, nikakata kabla haijaita. Halafu nikafanya lile ambalo kazi yangu iliniruhusu kulifanya bila kumuuliza mtu: niliisimamisha Gendabi. Mstari wao ukasimama tuli, na meseji za Daudi zikapita zote kama maji yakifunguliwa kwenye mfereji. Nilisubiri mpaka ya mwisho ikatoka. Ndipo nikawafungulia Gendabi, na ule wito uliobaki ukaanza kutambaa upya. Uliendelea kutambaa mpaka alasiri.

Nilidhani nimeokoa wote wawili, na sikuokoa hata mmoja. Meseji za Daudi zilifika watu wakiwa wameshasimama na viatu vyao vya harusi kwenye tope la kanisa lililofungwa. Na huko Gendabi, ukoo mmoja uliokuwa mbali ulipata wito wakati gari pekee la wiki hiyo la kuwatoa kwao lilikuwa limekwishaondoka.

Nilipanda bodaboda kwenda Daudi mchana uleule, njia ya juu, maana ya chini ilikuwa imekatika kweli. Harusi ilikuwa inaendelea kwenye ua, muziki juu, watu wanakula. Yule mama aliponiona alikuja moja kwa moja, sahani mkononi.

"Kula kwanza," alisema, akanipa. Nilipomaliza tonge la kwanza akasema, "Wazee wa upande wa bwana harusi wamesimama kwenye mvua. Mimi nimewasimamisha. Nimelia mbele ya wakwe."

"Nisamehe, mama. Ni mimi. Kuna wengine walijaza njia."

"Wengine wepi? Sisi si tulilipa?"

"Mlilipa."

"Basi?"

Nilimwambia tena anisamehe. Alinigusa bega, akaenda kwa wageni wake, na kamati yake haikurudi kwetu tena. Walihamia kwenye kundi la WhatsApp kumalizia mambo yao, na kwaya ya hapo nayo ikawafuata.

Mama yangu alikuwa jikoni na wanawake wengine, anaosha masufuria. Alinitazama kutoka juu mpaka chini.

"Umekonda," alisema. "Chukua kigoda, kaa."

Nilichukua steelwire ya kusugulia na sufuria badala ya kigoda. Alinitazama kidogo, akasogea kunipisha, tukaosha pamoja mpaka yakaisha. Akaniambia tayari ameshasikia kutoka kwa watu wawili kwamba mitambo ya binti yake imewaaibisha wakwe. Alisema bila hasira. "Wewe waambie unajifunza," alisema. "Hata baba yako alipanda ngano mahali pasipofaa, tukacheka, akapanda tena kwingine." Nilicheka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kusikia mtu anamtaja baba kwa jambo la kuchekesha.

Gendabi nilikwenda kwenye siku yao kubwa. Umati ulikuwa mkubwa mpaka sikuona mwisho wake: Wabarbaig wa kila upande, Wairaqw wa mashamba ya jirani, wafanyabiashara wa Katesh waliofunga maduka. Nilisimama mbali. Yaliyofanyika juu ya kilima ni yao, sitayaeleza. Nilimtafuta yule mzee nikamsalimia, akaitika marahaba akitazama kwingine. Nilikuwa nimestahili hata kukemewa.

Yule mwanamke alinikuta karibu na uzio.

"Ulitusimamisha," alisema.

"Ndiyo. Nilipiga, simu ilikuwa inatumika. Kulikuwa na harusi ya watu kwenye mvua."

Sauti yake ilikuwa ileile ya siku ya kwanza. "Ningekuwa wewe ningefanya hivyohivyo," alisema. "Lakini mimi si wewe, na ukoo wa mama yangu haupo hapa leo." Kisha akaitwa, akaenda.

Jumatatu nilimwambia mwenzangu yote. Nilitegemea aseme alinionya. Hakusema. Alichukua karatasi ya kufungia mbegu, akachora nyumba yenye milango mingi na bomba moja, akakaa nayo muda mrefu. Wiki nzima aliandika, mimi nikijaribu. Alipomaliza, hakuna chumba kilichoweza tena kushika njia peke yake: kila kimoja hupitisha meseji chache, kisha hukipisha kinachofuata, hata kama nyuma yake kimebeba mzigo wa kijiji kizima. Mwenye mengi anachelewa kidogo, mwenye machache hakwami. Mimi nilibadilisha kikomo cha watu kiwe kikomo cha simu, nikaruhusu neno moja lirudiwe asubuhi, mchana na jioni bila kuhesabiwa upya. Na kwenye kifurushi cha msiba nilifuta arobaini. Hapo tuligombana.

"Hawatafunga," alisema. "Watasahau, na vyumba vitabaki vinakula nafasi."

"Wafunge wenyewe wakiwa tayari."

"Na wasipofunga?"

"Vibaki."

Alikuwa sahihi. Mpaka leo kuna misiba kwenye mfumo wetu ambayo hakuna aliyeifunga, imekaa kimya, mstari wa kijani usiosogea, na kila tunapohesabu nafasi iliyobaki kwenye seva yeye huitazama, kisha hunitazama mimi. Tumekubaliana kutolizungumza wakati wa kula.

Yule mwanamke hakupiga tena simu kwa muda. Halafu siku moja ya mnada nilisikia hatua kwenye ngazi, akatokea mlangoni akiwa na jaketi lake lilelile na kikapu. Alikuwa hajawahi kufika Mbulu. Mwenzangu alimpisha kiti, akamkaribisha, na kwa mara ya kwanza nikamwona ana aibu.

"Nimekuja ufunge," aliniambia.

"Ungepiga tu simu."

"Nilitaka nione kinafungwaje."

Nilimwonyesha kioo. Nilimwonyesha chumba chao na mahali pa kubonyeza, nikamwambia ni yeye katibu, ni yeye wa kufunga. Alisogeza kidole, akabonyeza. Mstari ukatoka kwenye orodha, mingine ikapanda juu kuziba nafasi.

"Basi?"

"Basi."

Alikaa kidogo. Akainuka, akaenda dirishani, akatazama barabara, akarudi, akashika kikapu, akakiweka chini. "Sijui nifanye nini na asubuhi zangu," alisema. "Naamka, nashika simu, sina wa kumwambia alete kitu. Naenda kisimani kabla maji hayajahitajika. Baba mdogo anasema nimekuwa kama mbuzi aliyekata kamba."

Mwenzangu aliinamisha kichwa kwenye kazi yake. Mimi nilivaa sweta.

"Twende sokoni," nilisema. "Kuna vitunguu saumu vizuri leo."

Tulishuka. Alinunua vitunguu saumu, akavinusa, akaviweka kikapuni, na gari la kumrudisha lilikuwa bado kuondoka. Nilimwuliza kama anataka tukae mahali tunywe chai. Alitazama mabenchi ya mgahawa, akatikisa kichwa. Tukapita upande wa nguo, tukapita upande wa ng'ombe ambako alisimama kukosoa fahali mmoja kwa sauti mpaka mwenye fahali akaudhika, tukatoka kwa lango la nyuma, tukaendelea na barabara ya kupanda mlimani tukizungumza.